Uso Ulioliwa na Simu

Ukitaka kumjua Shamimu, mtazame siku ya harusi ya mtu mwingine. Bibi harusi anashuka garini, Shamimu anapiga picha, kisha anainama kutazama kioo cha kamera. Anapiga, anainama. Anapiga, anainama. Shangwe zote zinapita juu ya kisogo chake. Akiulizwa keki ilikuwa ya rangi gani, inabidi afungue simu aangalie.

Harusi ikiisha anarudi kwake Ufukoni na picha elfu mbili, na hapo ndipo kazi inapoanza: kuchagua, kufuta, kung'arisha, kulainisha. Chunusi zinaondoka, mikunjo inaondoka, kovu la kuanguka mwembeni utotoni linaondoka. Alikuwa na mpangilio wake mmoja kwenye simu, aliuita Harusi, ambao ukiugusa kwa kidole mara moja uso wowote unakuwa kama yai lililomenywa. Wateja waliupenda. Mtwara mjini, ukiona kwenye simu ya mtu uso laini usio na habari yoyote, ujue Shamimu amepita hapo.

Mwenyewe hakuwa na raha. Macho yalimuwasha, kidole gumba kilimuuma, na hata akilala alikuwa anachagua picha usingizini, hii ibaki, hii itoke. Mama yake aliposema akasomewe, alicheka, lakini hakucheka sana.

Mwaka uliopita alikwenda kutoa fotokopi dukani kwa mzee Gaudensi, ambaye zamani alikuwa na studio ya picha na sasa anauza soda. Nyuma ya makreti aliiona kamera ya Kirusi, Zeniti, nyeusi na nzito kama jiwe la kusagia. Haina betri. Haina kioo. Ina mkono mmoja wa kuvutia filamu, kitufe kimoja, na sauti yake ni ya mlango wa kabati ukifungwa kwa hasira.

"Ukikosea umekosea, binti," Gaudensi alimwambia. "Hii haina samahani."

Sijui kwa nini maneno hayo yalimpendeza. Labda alichoshwa na vitu vyenye samahani nyingi. Akaichukua, mzee akamfundisha kupima mwanga na kukadiria umbali, na kusafisha filamu kwa dawa kwenye chumba cha giza kilichobaki nyuma ya duka. Siku asizokuwa na harusi alizunguka nayo. Picha moja aliifikiria kwa muda ambao kwa kamera ile nyingine angekuwa amepiga hamsini. Akishabonyeza, basi, limekwisha, hakuna pa kuinamia. Mikono ilitulia. Roho ndiyo haikutulia, kwa sababu sasa alikaa wiki nzima akijiuliza imetoka au haikutoka. Lakini ulikuwa wasiwasi wa mtu aliyefukia mbegu, na wasiwasi huo aliuweza.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe, ambacho kilianza kwa habari njema, kama visa vibaya vingi.

Bibi yake Shamimu, mama wa mama yake, anaitwa Mwanahawa na anakaa Mahurunga pamoja na mwanawe Rajabu, mjomba wa Shamimu, anayelima mpunga bondeni. Bibi Mwanahawa alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, akaolewa huku kabla ya vita vya Wareno. Nyuma alimwacha mdogo wake, Rukia. Vita vikaja, vikafuata vingine, watu wakatawanyika, na habari za Rukia zikakatika kabisa. Bibi Mwanahawa alisubiri, akachoka kusubiri, mwisho akamsomea hitma na kumweka na marehemu.

Basi siku moja mjomba Rajabu akiwa kivukoni alikutana na kijana wa ng'ambo aliyekuja kununua sabuni na mafuta, jina lake Omari. Wakapiga soga. Omari akasema bibi yake ni mgonjwa, na homa ikimpanda humtaja dada yake aliyeolewa Mahurunga. Dada gani? Mwanahawa. Bibi anaitwa nani? Rukia. Mjomba Rajabu aliacha baiskeli yake palepale akarudi nyumbani mbio.

Bibi Mwanahawa masikio yake yalikwisha siku nyingi. Simu kwake haina maana. Ukitaka akusikie unamkaribia na kupaza sauti mpaka majirani nao wanafaidi. Aliposikia, alishika kichwa, akacheka, akalia, akataka kuvaa viatu. Nyonga yake haimruhusu hata kufika kisimani, sembuse kupanda mtumbwi. Na Rukia naye hakuwa wa kusafirishwa. Ikaamuliwa zitangulie picha, kila mmoja amjue mwenzake kwa uso, mengine Mungu atapanga.

"Mke mwenzangu," Bibi alimwambia Shamimu alipofika, maana ndivyo anavyomwita tangu yuko mtoto, wakigombania mume ambaye ni babu, na babu amekufa zamani, "nipige nitoke vizuri. Asije akasema nimezeeka kumpita."

Shamimu alikuwa na harusi jioni ile mjini. Akatoa simu, akapiga, kidole kikagusa Harusi kwa mazoea, akamtumia Omari kwa namba aliyomwachia mjomba, akaondoka.

Jibu lilikuja kesho yake, kwa sauti. "Dada, bibi ameitazama picha. Amesema huyu siye. Dada yake ana nembo usoni, walichorwa siku moja. Huyu uso wake mtupu. Ameumia sana. Tafadhali, msimchezee, ni mgonjwa."

Shamimu alimsikilizisha mjomba wake kwa simu ili washauriane. Hilo lilikuwa kosa. Mjomba Rajabu ni mtu mwema, lakini siri kwake haikai hata muda wa kumeza mate. Kabla Shamimu hajamaliza kusema "usimwambie Bibi kwanza," mjomba alikuwa ameshamwinamia mama yake sikioni na kumpigia kelele yote, neno kwa neno.

Bibi Mwanahawa alikunja mkeka wake, akautoa barazani mbele, mahali anapokaa miaka yote akitazama bonde na mto, akautandika nyuma karibu na jiko, uso ukutani. Alipoletewa wali wa mpunga wa bondeni aliusukuma. Akataka ugali wa muhogo.

"Amenikana," alisema usiku huo. "Mimi ni hai, na ndugu wa tumbo moja amenikana. Kheri ningebaki na hitma yangu."

Siku ya pili hakula hata huo muhogo. Mjomba akapiga simu tena, safari hii sauti yake imepungua. "Njoo, mwanangu. Mama yetu anajilaza. Na akijilaza mtu wa umri ule, unajua mwenyewe."

Shamimu alipanda bodaboda siku hiyohiyo. Njia nzima alikuwa anamlaani Omari: tapeli, muongo, wamesikia huku kuna korosho wakadhani kuna hela. Walipofika Madimba dereva alisimama kutia upepo, naye kwa kuhangaika tu akaitoa simu akaifungua ile picha ili aone ni kitu gani walichokikataa.

Akaiona.

Bibi alikuwa mzuri. Paji limenyooka, mashavu yanang'aa, kidevu laini. Na hakukuwa na mstari hata mmoja. Zile nembo za Kimakonde, mistari iliyochanjwa na kupakwa masizi, inayoshuka mashavuni kama ncha za mkuki zilizopangwa, zote zilikuwa zimelambwa. Shamimu alipokuwa mdogo alikuwa hapati usingizi mpaka aipitishie vidole mistari ile mmoja mmoja. Na aliitazama picha hii, akaituma, wala hakuona kuwa kuna kitu kimepungua.

Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu apate joto masikioni. Dereva alimuuliza kama amepokea habari ya msiba. Akasema twende.

Alimkuta Bibi amelala ubavu. Akapiga magoti kando ya mkeka, akasogeza mdomo sikioni.

"Bibi! Hajakukana! Mimi ndiye niliyezifuta nembo zako!"

Nyumba ya jirani, mchi ulinyamaza kinuni.

Bibi Mwanahawa aligeuka taratibu. "Umezifuta?"

"Kwenye picha, Bibi!"

"Aliyenichanja alitumia wembe na masizi. Nimeziosha tangu sijavunja ungo, hazijatoka. Mashehe wamesema haramu, hazijatoka. Walimu wenu wa shule wamezicheka, hazijatoka. Wewe umezifuta na nini?"

"Na kidole, Bibi!"

"Kidole!" Bibi akaitazama simu iliyokuwa mkononi mwa mjukuu wake kama mtu anayemtazama mbwa aliyemla kuku. "Kwa hiyo kidude chako kimenila uso, na Rukia hakunikana mimi. Amemkana huyo mliyemtengeneza."

"Ndiyo, Bibi!"

"Lakini yeye hajui." Akakaa kitako, hasira imemrudishia nguvu. "Anakwenda kufa akijua mimi sipo, na kwamba watoto wangu ni matapeli. Basi nenda ukaufute huo ufutaji wako."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtu hujaribu. Shamimu aliitafuta ile picha ya asili kabla haijalainishwa, akaipata, akamtumia Omari na maelezo marefu na samahani nyingi. Omari alijibu upesi. "Dada, juzi hana nembo, leo anazo. Kesho mtamwekea na ndonya, kile kipini cha mdomoni. Huku baada ya vita watu wametapeliwa kwa picha za simu, wameonyeshwa ndugu waliopotea wakaambiwa watume nauli. Hii simwonyeshi bibi. Sitamuumiza mara mbili."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Utamlaumu kwa lipi? Shamimu alimpigia, akamsihi, akamwapia. Mwisho Omari akalainika kidogo tu. Alisema bibi yake anaziamini picha za karatasi, zile za studio, zinazokuja na filamu yake unayoiinua juani ukaona. Kama wanayo ya namna hiyo, wailete. Lakini wafanye haraka, kwa sababu Ijumaa baada ya sala wanambeba kumpeleka kwa mwanawe Pemba, si ile ya karafuu, ile ya Msumbiji, na huko ni mbali.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Shamimu alirudi mjini na bodaboda ileile, akaichukua Zeniti. Gaudensi hakuwa na filamu, na za kuagiza Dar zingechukua siku. Iliyokuwemo ndani ya kamera ilikuwa imeshapigwa karibu yote: kuta, nguo kwenye kamba, wavu wa mtu, mambo ya kujifurahisha. Zilibaki nafasi tatu. Alitaka kulia kwa kuukumbuka ule wavu.

Alhamisi asubuhi, Shamimu aliporudi, Bibi Mwanahawa alikuwa amekwisha kuoga, amevaa kanga mpya, amerudi barazani. Aliigeuza kamera mikononi, akaipima uzito, akatafuta kioo hakukiona.

"Hii haina ulimi wa kulambia," alisema. Akakubali.

Hapo sasa ndipo ilipokuja tabu. Kwa simu Shamimu angekuwa amemaliza na kuondoka. Kwa kamera hii ilibidi asogeze mkeka mlangoni mwanga uingie kwa upande, asome sindano ya mwanga, azungushe, asogee, arudi, azungushe tena. Wingu likapita. Akangoja wingu. Hakuthubutu kubahatisha, maana nafasi tatu ni tatu. Na Bibi, aliyekaa tayari bila kufanya kitu, hana simu ya kuchezea, hasikii kelele za nje, akaanza kuzungumza. Alizungumza kwa sauti ya juu kama viziwi wanavyozungumza, lakini macho hayakuwa kwa Shamimu.

"Tulichanjwa siku moja, mimi na Rukia. Fundi alitoka bara, mwanamke mnene, ana mkono mwepesi. Tuliambiwa ukilia unaiaibisha nyumba. Nikakaa mimi kwanza. Shavu la kulia likaisha, sikutoa hata chozi. Rukia yuko pembeni anangoja zamu yake, ananitazama ninavyovuja damu. Fundi alipoanza hili la kushoto, Rukia akaangua kilio. Kilio, mwanangu, cha mtu aliyefiwa. Fundi akashtuka, wembe ukateleza."

Akageuza uso. Shamimu aliuona mstari wa shavu la kushoto ambao siku zote aliujua kwa vidole bila kuuliza: mmoja ulioachana na wenzake, ukashuka peke yake mpaka kwenye taya.

"Nikapigwa mimi," Bibi alisema, "kwa kuwa nilicheka. Damu inanitoka, nacheka. Yeye analia kwa ajili yangu, mimi nacheka kwa ajili yake. Waliouliza nani alilia sikuwatajia, na sijamwambia mtu mpaka leo. Nyie mlikuwa mnaona haya nembo zenyewe, nizieleze za nini?"

Wingu likaondoka.

"Upande huu usipige," Bibi akasema, akageukia kushoto kwake ili shavu zuri, la kulia, lije mbele. "Apate nilivyokusudiwa kuwa."

Shamimu alibonyeza. Mlango wa kabati ukagonga. Akavuta mkono wa filamu, akapiga tena, kwa hofu kwamba ya kwanza haikutoka. Hakuwa na pa kutazama. Ikabaki moja.

Mpango ulikuwa arudi mjini mchana ule, asafishe filamu, alfajiri ya Ijumaa avuke na picha ya karatasi pamoja na filamu yake. Ulikuwa mpango mzuri. Hakuwa amefika hata barabarani simu ikalia: Omari. Gari la Pemba limepatikana leo. Wanaondoka kabla ya alasiri. Bibi amezidiwa.

Shamimu alisimama katikati ya njia na kamera kifuani. Picha imo ndani na haiwezi kutoka. Akiufungua mlango wa nyuma jua litaichoma iwe nyeupe. Mbio zote hizi, na alicho nacho ni kisanduku. Kwa mara ya kwanza aliichukia ile kamera, akaiambia kwa sauti maneno ambayo sitayaandika.

Akarudi. Bibi Mwanahawa alisikiliza, au tuseme alipigiwa kelele, kisha akasema, "Nenda nayo hivyohivyo."

"Haionekani, Bibi! Atasema namdanganya tena!"

"Na mimi hapa nilipo ninamwona? Nenda."

Mjomba Rajabu alikimbilia ruhusa ya siku moja kwa mwenyekiti na kwa askari wa kivukoni. Walipita katikati ya mpunga, tope likimvua Shamimu viatu, akaviacha. Mtumbwi uliwavusha polepole mno. Mpiga kafi alikuwa akizunguka mahali walipoonekana viboko asubuhi, wala hakutaka kuharakishwa na mtu. Shamimu aliikumbatia kamera ndani ya kanga isirukiwe na maji. Kila dakika alitaka kufanya kitu kwa mikono na hapakuwa na cha kufanya. Nyani walikuwa ukingoni, jua limekaa vizuri juu ya maji, na kidole chake kikawasha kwelikweli. Akakikunja. Ilibaki moja.

Ng'ambo, gari lilikuwa limesimama mbele ya nyumba, mlango wa nyuma wazi, godoro limetandikwa ndani. Kikongwe mmoja alikuwa ameketishwa juu ya kitanda cha kamba chini ya upenu, amefungwa shuka, mwembamba, na uso wake umejaa nembo. Shamimu alizitambua palepale. Zilikuwa za mkono uleule wa fundi.

Omari alimpokea kwa adabu, lakini alisimama kati yake na kitanda. "Iko wapi picha?"

"Imo humu. Haijasafishwa. Mmesema leo..."

"Dada." Omari akacheka cheko lisilo na furaha. "Kwanza tumeletewa picha isiyo na nembo. Sasa tunaletewa sanduku lisilo na picha."

Shamimu aliiinua kamera, akaishusha. Kijana alikuwa na haki. Mjomba Rajabu akaanza kueleza kwa kelele kwa sababu amezoea kusema na kiziwi, watu wa gari wakaanza kukunja mikeka, na mambo yote yalikuwa yanaharibika palepale machoni pake.

"Leteni hicho kitu," alisema kikongwe.

Sauti ilikuwa ndogo lakini kila mtu aliisikia. Omari akapisha. Bibi Rukia aliitazama kamera bila kuishika.

"Yumo humo?"

"Yumo, Bibi."

"Umempiga upande gani?"

"Wa kulia. Wa kushoto alinikataza."

Bibi Rukia alimwinulia macho. "Alikukataza kwa nini?"

"Kuna mstari umepotea, Bibi. Umeshuka mpaka hapa." Shamimu alijigusa taya. "Alisema fundi alishtuka. Alisema yeye hakulia, ila kulikuwa na mtu pembeni, anangoja zamu yake, akaangua kilio kama amefiwa."

"Akamwambia nani, huyo mtu wako, kwamba kuna aliyelia?"

"Hajamwambia mtu. Ameniambia mimi leo, nikingoja wingu lipite."

"Na yeye alifanya nini, wembe ulipoteleza?"

"Alicheka, Bibi. Damu inamtoka, anacheka. Akapigwa yeye."

Uso wa Bibi Rukia ulijikunja wote, nembo na mikunjo vikachanganyika, na machozi yakashuka. Alilia waziwazi, hakujificha. Omari alimpigia magoti, akamshika mkono, akamtazama Shamimu kwa namna nyingine kabisa. Mjomba Rajabu naye alikuwa analia, ila yeye hulia hata kwenye harusi.

"Alipigwa kwa ajili yangu," Bibi Rukia alisema. "Hakunitaja."

Dereva wa gari alikohoa. Njia ya Pemba si ya kuiendea kwa giza, alisema, na wazee wawili waliokuwapo wakakubali kuwa ni kweli. Shamimu alitaka kumwomba angoje, akaona hana cha kumwomba nacho. Hawa wawili hawataonana. Mmoja hawezi kuvuka na mwingine anapelekwa mbali zaidi, na kila mtu uani pale alilijua hilo bila kulisema.

Bibi Rukia alijifuta uso kwa shuka. "Humo ndani, nafasi imebaki?"

"Moja, Bibi."

"Iko karibu naye?"

Shamimu hakuwahi kuulizwa swali hilo kwa picha yoyote aliyopiga maishani mwake. Akalifikiria. "Iko ubavuni pake. Utepe ni mmoja, hakuna mtu kati yenu."

"Basi nitie na mimi." Akaanza kujiweka sawa, Omari akimsaidia mgongo. "Lakini niambie kwanza. Yeye anatazama wapi?"

Ilibidi Shamimu ainue mikono miwili hewani ili aelewe mwenyewe. Mkono wa kushoto akaufanya Bibi Mwanahawa, wa kulia akaufanya Bibi Rukia. Filamu inakwenda hivi. Shavu la kulia mbele, kwa hiyo macho yanakuja huku. "Anakutazama wewe," alisema. "Ukigeukia mkono wako wa kulia, mtakuwa mnatazamana."

"Nigeuzeni."

Wakamgeuza. Shamimu alirudi hatua, akapima mwanga, akazungusha, akaegemeza mikono kwenye nguzo ya upenu. Kwenye kidirisha cha kamera alimwona kikongwe akinyanyua kidevu, macho yamekazwa pembeni, midomo ikicheza kidogo bila sauti. Akashusha pumzi, akabonyeza. Mlango ukagonga. Alipojaribu kuvuta mkono wa filamu haukwenda tena. Utepe ulikuwa umekwisha.

"Tayari, Bibi."

Watu wa gari wakasogea kumbeba. Bibi Rukia hakugeuza uso. Aliinua kidole kimoja kuwazuia, macho yake yangali palepale pembeni.

"Ngojeni," alisema. "Bado tunazungumza."